Ridhaa ya Mwalimu Mwanamume na Mwalimu Mwanamke

 



Mzazi ampelekaye mwanawe shuleni hutazama jengo na matokeo ya mtihani, lakini ni nadra kuuliza kama mwalimu ameridhika na kazi yake. Nayo ridhaa hiyo ndiyo imfanyayo mwalimu afundishe kwa bidii na subira.

Ridhaa ya mwalimu mwanamume na ya mwalimu mwanamke hazipimwi kwa kibaba kimoja. Mwanamume hutegemewa kwa chakula, kodi ya nyumba na karo. Mshahara usipotosha, jioni hutoka kutafuta kazi ya pili. Mwanamke ana mashaka mengine: amwachie nani mtoto mchanga, apate wapi makazi ya salama karibu na shule ya mbali, na lini atafikiriwa kwa cheo cha mwalimu mkuu.

Mwaka 2022 Serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada, katika shule za sekondari za serikali, hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine, waliobaki nyuma sana, waligoma mwezi wa Juni. Walimu wa sayansi wengi wao ni wanaume; basi amri isiyotaja mume wala mke iliwaacha wanawake wengi upande wa chini.

Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Hiyo ni haki, wala si hisani ya mwenye shule.

Wako wasemao, "Mwalimu mwanamke halalamiki, basi ameridhika." Hilo ni kosa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huenda amenyamaza kwa kuwapenda watoto, au kwa kuwa hajaulizwa.

Marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi ya Kibuli ili pajengwe msikiti na shule. Majengo yamesimama, wajibu uliobaki ni kumtunza mwalimu aliyemo ndani. Yafaa kila kamati ya shule iwaulize walimu wanawake peke yao, na wanaume peke yao, jambo liwalemealo, kisha itende iwezalo, na mshahara ulipwe kwa wakati wake.