Tuzitunze Njia Zetu za Miguu
(Maneno tuliyoyasema kwa kamati za parokia na wafadhili, Miembeni, Bukoba)



Wageni wengi hufika Bukoba, huliangalia ziwa, kisha hupanda basi. Zipo njia za miguu wasizozijua. Moja huteremka Nyamukazi kwa wavuvi, Kisiwa cha Musira kikionekana mbele. Nyingine hupanda kuelekea Kashozi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1892. Upande wa Maruku ipo Katuruka, ambako wahenga waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Lakini kabla ya mgeni, njia hizi ni za mama anayebeba mkungu wa ndizi na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Mvua inazikata, na vibanja vinazimeza kidogo kidogo.

Tunaomba mambo matatu. Kila kamati iteue vijana wawili wa kuongoza wageni, na malipo yabaki kijijini. Wenye vibanja waombwe ruhusa kwanza. Tusipite bila hodi. Wafadhili watusaidie majembe na saruji ya vivuko. Nguvu za mikono tunazo wenyewe.