Dawa Hupimwaje Hospitalini?



Jioni hii nataka kuwaelezeni habari ya swali ambalo wazazi huulizwa pengine wafikapo hospitali na mtoto mgonjwa: “Je, wakubali mtoto wako aingizwe katika utafiti?” Mzazi huyo amekesha usiku kucha, mtoto anahema mikononi mwake, naye huulizwa neno asilolijua. Wengine huitikia kwa kumwogopa daktari. Wengine hukataa kwa kudhani kwamba mtoto wao atachezewa. Mimi si daktari, ni mwalimu wa kufundisha waalimu. Lakini nimeisoma habari moja ya kweli, iliyotokea katika nchi zetu hizi, nayo yatosha kulieleza jambo lenyewe.

Kabla ya kuingia wodini, na tupite kwanza katika bustani ya chuo chetu. Mwaka mmoja nalitaka kuwaonyesha wanafunzi faida ya samadi. Nikatia samadi katika matuta manne ya mchicha, na manne mengine nikayaacha. Mchicha wenye samadi ukastawi sana, nami nikasimama mbele ya darasa nikajisifu. Kijana mmoja mpole, asiyesema sana, akainua mkono akauliza, “Mwalimu, mbona matuta yenye samadi ndiyo yaliyo karibu na kisima?” Darasa zima likacheka. Kwa kweli nalikuwa nimeyachagua kwa uvivu wa kubeba samadi mbali, na maji yaliyomwagika ndooni yalikuwa yakiyanywesha kila siku. Basi sikuweza kujua kama ni samadi iliyofanya kazi au ni maji.

Msimu uliofuata tuliandika nambari za matuta katika vikaratasi, tukavitia katika kofia, na kijana yule yule akavitoa akiwa amefumba macho. Samadi ilishinda tena, ila si kwa kadiri niliyojisifia.

Sasa twende hospitali. Kwa miaka mingi vitabu vya uganga vya nchi tajiri vilifundisha hivi: mtoto akiwa na homa kali, naye amezimia au anapumua kwa shida, na damu yake haizunguki vema, yaani miguu imepoa na mshipa wa mkononi unapiga kwa udhaifu, basi aingizwe maji mengi mshipani upesi upesi. Sisi huyaita dripu. Hospitali nyingi za Afrika hazikufuata desturi hiyo, na watu walidhani kwamba ni upungufu wetu tu. Lakini hakuna aliyekuwa amepima sawasawa kama maji hayo ya haraka huwaokoa watoto wenye maradhi kama ya huku, ambako malaria ni nyingi.

Watafiti wakiongozwa na Dkt. Kathryn Maitland, afanyaye kazi Kilifi, waliianza kazi hiyo mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi katika Kenya, Muheza katika Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor katika Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walipewa upesi maji yenye albumini, ambayo ni kitu kitokacho katika damu. La pili walipewa upesi maji ya chumvi. La tatu hawakupewa maji ya haraka. Wote, bila kubaguliwa, walipewa dawa za malaria na za vijidudu vingine, maji ya polepole, na damu kwa waliopungukiwa nayo sana. Daktari hakuchagua mtoto wa kuingia fungu hili au lile. Alifungua bahasha iliyofuata kwa nambari, akatenda kama ilivyoandikwa ndani. Hiyo ndiyo kofia yetu ya vikaratasi.

Sikilizeni vema yaliyofuata. Baada ya saa moja, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 43 walikuwa wameondokewa na zile dalili za damu kutozunguka. Katika wasiopewa, ni 32 tu. Mama aliyeketi kando ya kitanda angalisema dawa imefaa, na daktari angaliapa hivyo hivyo. Yeyote aliyekwenda zake saa ile alikwenda na furaha.

Lakini hesabu haikukomea hapo. Baada ya saa 48, katika watoto 1,050 wa albumini walikuwa wamekufa 111. Katika 1,047 wa maji ya chumvi, 110. Katika 1,044 wasiopewa maji ya haraka, 76. Yaani dripu ile ya haraka, iliyowapendeza wote kwa macho, iliongeza vifo kama vitatu katika kila watoto 100. Watafiti walikuwa wamekusudia kupata watoto 3,600, lakini mwezi wa Januari 2011 kamati iliyokuwa ikitazama hesabu ilishauri kazi isimamishwe, nayo ikasimamishwa.

Wengi walidhani kwamba maji yalijaa mapafuni au ubongo ulivimba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mwendo wa damu kushindwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kwa watoto wa namna hii, kwamba maji yaingizwe kwa kiasi kidogo zaidi na kwa mwendo wa polepole zaidi.

Tafadhali asiondoke mtu hapa akasema kwamba dripu ni sumu! Watoto wenye kuhara, walioungua, walioumia na waliokonda sana kwa njaa hawakuwamo katika hesabu hii. Mtoto aliyekauka kwa kuhara akikosa maji hufa.

Basi narudi kwa yule mzazi mlangoni. Katika utafiti ule, palipokuwa hakuna nafasi ya kueleza yote kwa sababu mtoto yu taabani, mzazi aliulizwa kwanza kwa mdomo, na karatasi ya kutia sahihi ikaletwa baadaye, hali ya mtoto ilipotulia. Mzazi ana haki ya kuuliza: Mafungu ni mangapi? Mtoto wangu atapewa nini katika kila fungu? Nani anayetazama hesabu, na nani awezaye kuisimamisha kazi? Akikataa, mtoto hutibiwa kama wagonjwa wengine wa hospitali ile. Na akikubali, leo, kisha kesho akabadili nia, aweza kumtoa mtoto wake, wala hapaswi kueleza sababu.