Rambirambi za Shangazi



Tupo hapa Port Botany. Mji huu wa Sydney ndiko alikozaliwa Daktari Catherine Hamlin, aliyekwenda Ethiopia na mumewe mwaka 1959, wakafungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, alikuwa msichana wa kijijini asiyejua kusoma. Uchungu wa siku nyingi ulimuua mwanawe, naye akabaki na jeraha la mkojo usiozuilika. Alipotibiwa alibaki nao: akaanza kwa kutandika vitanda, kisha akasaidia upasuaji, hatimaye akawa mpasuaji mwenyewe, akifundisha madaktari wenye shahada!

Marehemu shangazi yetu aliishi na maradhi hayo hayo katika chumba cha uani. Sisi watoto tuliambiwa ana jini.

Rambirambi zake zimebaki. Wapo wanaotaka kujengea kaburi. Mimi, kwa heshima ya wakubwa, naomba zipelekwe CCBRT, Dar es Salaam, wanakotibu fistula bila malipo. Mweka hazina yupo. Tuamue kabla ya chakula.