Ngoma Ikivuma Sana: Kipimo cha Volti katika Prosesa ya Kompyuta

(Haya ni maneno ya somo lililosomwa katika redio. Msomaji, soma polepole, na penye hesabu chukua kalamu.)

Natumaini ya kuwa mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake mbele yake. Somo letu la leo ni la umeme, lakini pia ni la kusoma tarakimu. Mtu asiyejua kusoma nukta vizuri anaweza kuunguza mali yake kwa dakika moja. Sikilizeni sana.

Tuseme una duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala. Una kompyuta moja tu, nayo ndiyo jembe lako. Siku moja mpwa wako anakuja jioni, anakuamkia, kisha anasema, "Mjomba, kompyuta yako inakawia sana. Niachie usiku huu, nitaiongeza mwendo. Ni kubadili tarakimu mbili tu." Je, utamjibuje? Utakataa kwa kuwa hujui, au utakubali kwa kuwa hujui? Majibu yote mawili ni mabaya. Basi na tujifunze kwanza.

Ndani ya kompyuta mna kitu cha mraba, chembamba, ambacho upana wake ni karibu na ule wa kisanduku cha kiberiti. Jina lake ni prosesa. Hiyo ndiyo inayopiga hesabu zote. Ndani yake mna swichi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, nazo huitwa transista. Prosesa ya kwanza kuuzwa na kampuni ya Intel, mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Prosesa nyingi za siku hizi zina mabilioni.

Swichi hizo hufanya kazi kwa mapigo, kama wachezaji wanaofuata ngoma. Kila pigo, swichi hufunguka au hufungwa. Prosesa ya gigahezi 4 hupigiwa mapigo bilioni 4 kwa sekunde moja. Ukitaka kompyuta iende mbio, unaharakisha ngoma. Kazi hii vijana huiita ovakloki, yaani kuipa prosesa mwendo kupita ule ulioandikwa na kiwanda.

Lakini ngoma ikienda mbio, wachezaji wengine huchelewa hatua. Swichi moja haijamaliza kufunguka, na pigo la pili limekwisha kufika. Hapo hesabu hukosewa. Kompyuta inaganda, au inajizima, au, lililo baya zaidi, inaandika tarakimu isiyo kweli katika hesabu za duka lako, nawe hujui. Dawa wanayoitumia vijana ni kuongeza volti. Volti ni msukumo wa umeme. Msukumo ukizidi, swichi hufunguka upesi zaidi. Sasa mmeona kwa nini mpwa wako alitaja tarakimu mbili: moja ni ya mwendo, na ya pili ni ya volti.

Je, volti ngapi? Umeme wa ukutani ni volti 230. Prosesa hailiwezi hata kidogo jambo hilo. Ile ya mwaka 1971 ilitumia volti 15. Prosesa ya Pentium ilipotoka mwaka 1993 ilitumia volti 5. Mwaka 1998 ilitoka Celeron 300A, ikatumia volti 2. Siku hizi prosesa nyingi za mezani, zikiwa kazini, hutumia volti moja na kitu, kama 1.20 au 1.30. Kwa nini volti zimeshuka hivi? Kwa sababu transista zimepunguzwa ukubwa mara nyingi, na utando unaozuia umeme ndani yake umekuwa mwembamba kabisa. Kitu chembamba hakistahimili msukumo mkubwa. Kwa hiyo volti iliyo salama kwa prosesa ya zamani ni sumu kwa prosesa ya leo. Hakuna kipimo kimoja cha prosesa zote. Kila moja ina kipimo chake.

Haya, chukueni kalamu. Tutapiga hesabu ya joto.

Kanuni ni hii: mwendo ukizidi, umeme unaoliwa na prosesa huzidi kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini volti ikizidi, umeme unaoliwa huzidi kwa volti mara volti. Tuseme prosesa inakwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, na inakula wati 80. Mpwa wako anaipandisha mpaka gigahezi 4.6 kwa volti 1.40. Mwendo umezidi kwa sehemu 15 katika mia. Sasa tazameni volti. 1.40 mara 1.40 ni 1.96. Nayo 1.20 mara 1.20 ni 1.44. Gawanyeni 1.96 kwa 1.44, mtapata 1.36. Zidisheni kwa mwendo, yaani 1.15, mtapata 1.56. Wati 80 mara 1.56 ni karibu wati 125.

Mmeona? Faida ni 15 katika mia. Joto ni 56 katika mia. Hii ndiyo biashara ya volti: unachopata ni kidogo kuliko unacholipa, na kila ukiongeza, malipo yanazidi kuwa makubwa.

Tena, wati 125 ukizigawanya kwa volti 1.40 unapata karibu ampea 90. Birika la umeme la wati 2,300, katika volti 230, linavuta ampea 10 tu. Basi prosesa ile ndogo inavuta mkondo wa mabirika tisa, nao unapita katika nyaya nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana.

Mkondo huo hufanya nini? Kama mto unavyochukua mchanga wa ukingoni, ndivyo mkondo mkali unavyosukuma chembe za madini ya waya, kidogo kidogo, mpaka waya unakatika. Mwaka 1969 bwana mmoja wa Marekani, James R. Black wa kampuni ya Motorola, aliandika kanuni ya jambo hili. Kanuni yake yasema ya kuwa maisha ya waya hupungua mkondo unapozidi, na hupungua upesi mno joto linapozidi. Mbali na hayo, volti yenyewe huuchosha ule utando mwembamba wa transista.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo. Prosesa iliyozidishiwa volti haiungui papo hapo kila mara. Huenda ikafanya kazi vizuri leo, na kesho, na mwezi ujao. Mtu husema, "Tazama, haikudhurika!" Kumbe inakufa polepole. Kufanya kazi leo si ushahidi wa usalama.

Pengine utauliza, "Je, prosesa haijilindi?" Ndiyo, inajilinda na joto. Prosesa nyingi za Intel zikifika digrii 100 hupunguza mwendo zenyewe. Za AMD za jamii ya Ryzen 7000 nyingi zimewekewa digrii 95. Lakini kinga hiyo ni ya joto. Prosesa inaweza kuwa na digrii 60 tu, imepozwa vizuri na feni kubwa, na huku volti inaila ndani. Feni haifuti madhara ya volti.

Sikilizeni habari tatu za kweli.

Ya kwanza. Mwaka 2002 na 2003 watu wengi waliongeza volti katika prosesa za Pentium 4 zilizopewa jina la Northwood. Kipimo cha kiwanda kilikuwa karibu volti 1.5. Wao walitia 1.7 na zaidi. Mashine zilikwenda mbio, wakafurahi. Baada ya majuma au miezi, nyingi zikafa ghafula.

Ya pili. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000, hasa 7800X3D, ziliungua pamoja na soketi zake. Wengi wa wenyewe hawakugusa volti ya mwendo kabisa. Walichagua tu mpango wa kuharakisha kumbukumbu ya kompyuta, na bodi ikapandisha yenyewe volti nyingine iliyo jirani, iitwayo volti ya SoC. Kampuni ya AMD ikaamuru volti hiyo isipite 1.30. Basi jueni: prosesa ina volti zaidi ya moja, na neno "otomatiki" halina maana ya "salama".

Ya tatu. Prosesa nyingi za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kukosea kazi, hata kwa watu wasioongeza mwendo. Mwaka 2024 Intel ikaeleza ya kuwa zilipewa volti iliyozidi. Mwezi wa Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho ya kuzizuia zisiombe zaidi ya volti 1.55, na ikaongeza miaka 2 katika dhamana. Marekebisho yaliwasaidia wale ambao prosesa zao zilikuwa bado nzima. Zilizokwisha kudhurika hazikupona. Ndugu zangu, jeraha la volti halina dawa.

Sasa turudi kwenye nukta. Andikeni tarakimu hizi mbili: 1.25 na 1.52. Zina tarakimu zilezile, ila mbili za mwisho zimebadilishana mahali. Ya kwanza, kwa prosesa nyingi za leo, ni ya kawaida. Ya pili ni hatari. Tena andikeni 1.3 na 1.30 na 1.03. Mbili za mwanzo ni sawa. Ya tatu ni ndogo sana, na huenda mashine isiwake. Kwa hiyo kabla ya kukubali badiliko lolote, soma tarakimu kwa sauti, moja moja, na mwenzio asikilize.

Na kama umeamua kuongeza mwendo, fuata taratibu hii.

Kwanza, jua jina kamili la prosesa yako, kisha tafuta kipimo chake katika maandishi ya kiwanda chenyewe, si katika maneno ya rafiki. Kiwanda kikisema haiongezwi, acha.

Pili, andika katika daftari vipimo vyote vya asili kabla ya kugusa kitu. Na weka nakala ya kazi zako pengine, nje ya kompyuta hiyo.

Tatu, safisha vumbi, na hakikisha feni inazunguka.

Nne, ongeza mwendo kwanza, bila kugusa volti, kidogo kidogo. Ile Celeron 300A ya mwaka 1998 nyingi zilitoka megahezi 300 zikafika 450 kwa volti ileile ya kiwanda. Faida isiyo na volti ndiyo faida bora.

Tano, kila hatua ijaribu kwa kazi nzito kwa saa nzima au zaidi, huku ukitazama joto.

Sita, ikiwa lazima uongeze volti, ongeza 0.01 tu kila mara, na usimame kabla ya mpaka wa kiwanda, si juu yake. Ikiwa volti zinahitajika nyingi kwa mwendo mdogo, hapo ndipo mwisho. Rudi nyuma hatua moja.

Na kama mashine imekataa kuwaka, usiogope. Zima, chomoa waya wa umeme, na urudishe vipimo vya asili kwa jinsi kitabu cha bodi kinavyoeleza. Katika bodi nyingi ni kutoa ile betri ndogo ya mviringo kwa dakika chache, kisha kuirudisha.

Basi, utamjibuje mpwa wako? Mwambie hivi: "Mwanangu, nionyeshe kwanza kipimo cha kiwanda. Nionyeshe utakapoanza na utakaposimama. Tena tuone kama shida ni prosesa kweli, maana huenda kompyuta inakawia kwa sababu diski ni ya zamani au kumbukumbu ni ndogo." Akiwa na majibu, mnaweza kufanya kazi pamoja. Akiwa hana, mpe chai, mzungumze mengine. Kompyuta ya kucheza ni jambo moja. Kompyuta inayolisha watoto ni jambo jingine.

Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Hawakuijua prosesa, lakini waliijua ngoma.

Maswali ya darasa:

1. Prosesa inatoka volti 1.20 kwenda 1.30, na mwendo haukubadilika. Joto limezidi kwa sehemu ngapi katika mia?

2. Kwa nini feni kubwa haiwezi kuikinga prosesa na volti iliyozidi?

3. Panga tarakimu hizi kutoka ndogo kwenda kubwa: 1.4, 1.04, 1.35, 1.53.

Jibuni katika madaftari, kisha msahihishane. Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.