Alama za Vidole na Nasaba: Kinachorithiwa na Kisichosomeka

Mistari ya ncha za vidole hujichora mtoto akiwa tumboni, kuanzia takriban wiki ya 10 ya mimba, na ikishakamilika haibadiliki maisha yote. Kabla yake, ncha za vidole huota vijinundu ambavyo baadaye hunywea. Kijinundu kikiwa bado kikubwa mistari inapotokea, huzaa duara. Kikiwa kimenywea, huzaa tao. Kilicholalia upande mmoja huzaa kitanzi. Vitanzi ndivyo vingi kuliko vyote, na tao ni nadra.

Ukubwa wa vijinundu hivyo huongozwa na jeni, ndiyo maana ukoo huacha dalili vidoleni. Sarah Holt wa Uingereza alijumlisha mistari ya vidole vyote kumi na kulinganisha jamaa. Kwa mapacha wa yai moja uwiano ulifikia 0.95, kwa ndugu wa kawaida, kama 0.5. Baba na mama, wasio na damu moja, karibu hawakufanana kabisa. Hata hivyo kinachorithiwa ni wingi wa mistari na umbo la jumla. Mahali mstari unapogawanyika au kukatika huamuliwa na mazingira ya tumboni, na kwa hiyo hata mapacha hao polisi huwatofautisha.

Ipo familia moja ya Uswisi ambayo nasaba yake ilionekana vidoleni waziwazi: baadhi ya watu wake walizaliwa bila mistari yoyote, na mwaka 2011 chanzo kilibainika kuwa hitilafu katika jeni ya SMARCAD1. Kwa watu wengine mambo si mepesi hivyo. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton, aliyetamani sana kuona tofauti za mataifa, alilinganisha Waingereza, Wawelshi, Wayahudi, Wabaski na Waafrika. Katika kitabu chake cha 1892 alikiri kwamba hakuna mchoro ulio wa taifa moja pekee. Tofauti zilizopo ni za wastani. Wasani wa kusini mwa Afrika, kwa mfano, wana matao mengi kuliko jamii nyingi, lakini mwenye tao hawezi kuitwa Msani kwa sababu hiyo, wala mtoto kukanwa kwa kuwa vidole vyake havikumfuata baba.

Ushahidi wa nasaba umo katika vinasaba (DNA). Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua kipimo cha vinasaba mwaka 1984 huko Leicester, Uingereza, na mwaka uliofuata kikathibitisha kwamba kijana wa familia ya Kighana, aliyetiliwa shaka na maofisa wa uhamiaji wa Uingereza, alikuwa kweli mtoto wa mama yake.

Vinasaba hudumu hata ngozi ikishaoza. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale wa Mtwapa, Manda, Kilwa na miji mingine ya pwani. Ulionyesha kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 damu ya Afrika ilichanganyika na ya Asia, hasa Uajemi: ile ya Afrika kwa sehemu kubwa kupitia wanawake, ile ya Uajemi kupitia wanaume. Simulizi za Washirazi, watu wa pwani wanaosema wazee wao walitoka Uajemi, zilikuwa na ukweli ndani yake, ila kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka upande wa Afrika.