Nani Atashika Mnyororo? Haidrojeni, Mbolea na Haki ya Mkulima

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Nyamisangura, Tarime



Ndugu wapendwa,

Mlipopata taarifa kwamba leo tutazungumzia haidrojeni, naamini wapo waliojiuliza: jambo hili la wataalamu lamhusu nini mkulima wa mahindi, ndizi na kahawa wa Tarime? Napenda nianze na kitu mnachokifahamu vizuri, yaani mfuko wa mbolea. Mwaka 2022, vita ilipozuka Ukraine, bei ya mbolea ilipanda kiasi cha kumkatisha tamaa mkulima mdogo, na Serikali yetu ililazimika kuleta ruzuku ili mfuko mmoja wa kilo 50 upatikane kwa shilingi 70,000 hivi. Wengi tulilalamikia bei. Wachache tulijiuliza kwa nini vita ya Ulaya iguse shamba la Mara. Sehemu kubwa ya jibu imo katika haidrojeni.

Mbolea ya kukuzia, kama vile urea, hutokana na amonia. Na amonia hupatikana kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Hadi sasa haidrojeni ya dunia, ambayo ni zaidi ya tani milioni 90 kwa mwaka, hutolewa karibu yote katika gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta. Ile iliyo safi haifiki hata asilimia moja. Kwa sababu hiyo, gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Tena kila kilo moja ya haidrojeni itokanayo na gesi huacha angani kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa, hewa ile ile inayoongeza joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua.

Iko njia nyingine. Maji yakipitishiwa umeme hutengana, yakawa haidrojeni na oksijeni. Umeme huo ukitokana na jua, upepo, maporomoko ya maji au joto la ardhini, haidrojeni hupatikana bila moshi. Jambo hili si geni katika Afrika. Kiwanda cha Aswan, Misri, kilitengeneza mbolea kwa njia hiyo tangu miaka ya 1960, kwa umeme wa Mto Nile. Kule Kwekwe, Zimbabwe, walifanya hivyo kwa miaka mingi kwa umeme wa nchi yao, hadi mitambo hiyo ilipozimwa katika miaka ya 2010 wakati umeme ulipokuwa adimu. Tangu hapo wakategemea amonia ya kununua nje.

Sasa mataifa tajiri yanaitaka haidrojeni hii. Mwezi Mei 2022, Umoja wa Ulaya uliweka shabaha ya kuagiza tani milioni 10 kwa mwaka ifikapo 2030. Shabaha hiyo inaonekana kuwa nzito kuitimiza, lakini macho yamekwisha kuelekezwa Namibia, Misri, Moroko na jirani zetu wa Kenya. Haidrojeni yenyewe ni nyepesi mno. Ili iwe kimiminika yapasa ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Amonia yatosha kupozwa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, ndiyo maana wengi wanapanga kuisafirisha haidrojeni katika umbo la amonia. Hivyo hujengwa mnyororo mrefu: chanzo cha maji, mitambo ya umeme, kiwanda, bomba, tangi, bandari, meli, na mwisho mnunuzi ng'ambo. Swali la Haki na Amani ni hili: katika mnyororo huo, nani ameshika pingu ipi, na nani amefungwa nayo?

Nchi yetu inao ushuhuda wake. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972 kwa ushirikiano na kampuni ya Ujerumani Magharibi. Kilikuwa juu ya ardhi yetu, na wafanyakazi walikuwa ndugu zetu. Lakini malighafi zake, amonia ikiwa mojawapo, ziliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni tulizokuwa nazo chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungwa. Somo lake ni kwamba kuwa na kiwanda si sawa na kuushika mnyororo. Leo tunaweza kuangukia upande wa pili wa kosa hilo: kuisafirisha amonia itokanayo na maji yetu, kisha kununua mbolea kwa bei ya soko la wengine. Kenya, katika mkakati wake wa Septemba 2023, imetanguliza mbolea kwa ajili ya wakulima wake kabla ya kuuza nje. Hilo ni jambo la busara, na twapaswa kulipima kwa matendo.

Ndugu zangu, sisemi kwamba mtambo kama huo unakuja Tarime. Nasema kwamba anayejifunza mapema hashangazwi. Nawapeni vipimo vitatu.

Cha kwanza ni maji. Kila kilo moja ya haidrojeni hula lita 9 za maji safi, mbali na yale ya kusafishia na kupozea mitambo. Kwa nchi nzima huenda si mengi, lakini kwa kijiji chenye kisima kimoja ni mengi. Tunaoishi karibu na Mto Mara tunajua kwamba mto mmoja hunywesha watu, ng'ombe na wanyama wa Serengeti. Tena hatujasahau mwezi Mei 2009, maji yenye sumu ya tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara hadi Mto Tigithe.

Cha pili ni ardhi. Nishati safi haina moshi, lakini yaweza kuwa na machozi. Kule Olkaria, Kenya, mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mitambo ya umeme wa joto la ardhini. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukalazimika kufanyika baada ya watu kuhama. Usuluhishi mwema ni ule unaotangulia. Kumbukeni Nabothi na shamba lake la mizabibu: mfalme alikuwa tayari kulipa, lakini Nabothi alikuwa na haki ya kukataa, na kwa haki hiyo aliuawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti kabla ya ardhi ya kijiji kuhamishwa. Sauti hiyo hupotea tusipohudhuria. Na mama anayelima shamba na kuteka maji asiachwe pembeni wakati mumewe anapotia sahihi.

Cha tatu ni umeme wenyewe. Mtambo wa haidrojeni hutumia zaidi ya yuniti 50 kwa kilo moja. Ulaya yenyewe, katika kanuni zake za mwaka 2023, imedai kwamba haidrojeni safi itokane na mitambo mipya ya umeme, ili wenyeji wasinyang'anywe walio nao. Sisi nasi tudai hivyo hivyo: taa ya zahanati na ya mtoto anayesoma itangulie meli ya ng'ambo.

Lakini haki haina upande mmoja. Kule Nyamongo tumeona "tegesha", watu wakijenga vibanda na kupanda miti usiku ili wahesabiwe fidia. Huo ni uongo, nao humdhuru mwenye madai ya kweli, kwa maana mthamini akishadanganywa mara moja, hamwamini tena hata mjane. Ndugu mlei, hatuwezi kuidai kweli kwa mdomo wenye hila.

Hayati Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwa hiyo tusiikatae haidrojeni safi kwa woga. Dunia inaihitaji, na mkulima wetu anaihitaji zaidi, kwa kuwa mvua ikiharibika yeye ndiye wa kwanza kulala njaa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni na aje, mradi mwenyeji apone kweli.

Mungu awabariki.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni lini mara ya mwisho ulihudhuria mkutano wa kijiji au wa mtaa wako? Akina mama walipewa nafasi ya kusema?
2. Kama mwekezaji angeomba maji ya mto wetu leo, tungemwuliza maswali gani matatu kabla ya kuzungumzia fidia?
3. Ni wapi katika jumuiya yetu tumefumbia macho "tegesha" au uongo unaofanana nayo? Tutafanya nini kuurekebisha?