Gunia la Nyumbani



Wengi wetu tukaao Nairobi twalijua gunia la nyumbani. Kila Februari, mavuno ya mvua za vuli yakiisha kuingia ghalani, simu hutujia kutoka Ukambani: nendeni stendi, basi la asubuhi lina mzigo wenu. Mna mahindi, mbaazi na kunde. Pengine yuko na kuku aliyefungwa miguu, ambaye watoto humpa jina kabla hajachinjwa, tukamla kwa huzuni. Kwa gunia hilo mshahara ulifika mwisho wa mwezi, nasi tukapata karo ya kupeleka nyumbani.

Kisha, tangu Oktoba 2020 mpaka Desemba 2022, mvua ilipungua misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 Serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Wataalamu waliouchunguza walieleza mwaka 2023 kwamba joto la dunia lililoongezeka, kwa moshi ambao sehemu kubwa umetoka nchi tajiri, liliukausha udongo kuliko ambavyo ungekauka zamani. Wazee wetu walipanda kwa kuhesabu miezi, na hesabu hiyo sasa yawadanganya. Kuna nyumba zilizokula mbegu. Huku mjini, mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita shilingi 200, na sasa ni sisi tuliotakiwa kupeleka mzigo stendi.

Hapo tuliaibika. Simu ya mama ilipolia, baadhi yetu tuliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Si kwamba hatukumpenda. Hatukuwa na la kumwambia. Na Jumapili tuliimba vizuri tu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, Agabo alitabiri njaa. Wanafunzi wa Antiokia, mji mkubwa wa biashara, hawakungoja barua ya kuombwa. Kila mmoja alitoa alichoweza, wakawakabidhi Barnaba na Sauli wawapelekee ndugu wa Uyahudi. Injili iliwafikia kutoka huko. Sasa msaada ukarudi kwa njia ile ile. Hatusomi kwamba walitoa kingi.

Katika kanisa letu akina mama waliweka debe karibu na mlango, kila nyumba ilete kikombe kimoja cha mahindi au maharagwe. Tulilicheka kidogo. Lakini lilijaa, likasafiri juu ya basi, likajaa tena. Mvua ya mwishoni mwa 2023 ilikuja kwa mafuriko, na Aprili 2024 vivyo hivyo. Barabara zikakatika, hata mzigo uliokuwa tayari ukakosa njia. Debe hatukuliondoa.

Basi jioni ya leo, kabla hatujalala, tupige simu nyumbani. Tusiulize habari za afya peke yake. Tuulize mbegu zimebaki kiasi gani.